Uzi: Faili la wakimbiaji limezagaa WhatsApp, na ugonjwa wa kila mtu umo. Waandaaji wa mbio tuongee

Mguu_Pande (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nipo kwenye kamati ya mbio za mkoani, zile za kilomita 5, 10 na 21 ambazo klabu za mtaani zinajiandalia. Mdhamini anatoa fulana na maji, mkuu wa wilaya anapuliza filimbi, saa nne asubuhi tumeshamaliza tunakunywa supu. Hela hatuna, ofisi hatuna. Kwa hiyo simsemi mtu wa mbali, nasema nyumbani kwetu.

Juzi mbio moja (siitaji, na naomba na nyie msiitaje) ilikuwa inawaita watu waende kuchukua namba na fulana. Badala ya tangazo, mwanakamati akatupia kwenye grupu faili zima la usajili. Grupu lina mamia ya watu, wengine hawajawahi kukimbia hata kuwahi daladala. Nikalifungua. Jina kamili. Namba ya simu. Tarehe ya kuzaliwa. Namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa). Saizi ya fulana. Mtaa unaoishi. Kundi la damu. "Tatizo la kiafya kama lipo." Jina la mtu wa kupigiwa ikitokea dharura, uhusiano wenu, na simu yake.

Kwenye safu ya afya watu walijaza ukweli, maana fomu iliwaambia ni kwa ajili ya madaktari. Pumu. Presha. Kifafa. Dada mmoja ameandika: "mjamzito wiki 9, nitatembea km 5 tu". Huyo dada ana wafanyakazi wenzake mle ndani ya grupu. Mimba ya wiki tisa mtu hajamwambia hata mama yake, imesomwa na fundi simu wa Majengo.

Admini akafuta, akaandika "samahani wakuu, faili limeenda siyo". Sawa. Aliyeshalipakua je?

Hoja yangu ni hii. Kwenye michezo yetu ya ridhaa hakuna mdukuzi anayekesha kututafuta. Tunajidukua wenyewe. Tunakusanya vitu hatuvihitaji, tunavirundika kwenye faili moja, kila mwanakamati ana nakala kwenye simu yake, mbio zinaisha Jumapili na faili linaendelea kuishi miaka. Wanaopima muda, watu wa huduma ya kwanza, makocha, wanasheria, karibuni. Nataka fomu yetu ya msimu huu iwe ya watu wazima.

---

Ngebe_Sina

Mkuu mnakuza mambo. Namba ya simu ni siri tangu lini? Ya kwangu ipo kwenye bango la duka, ipo kwa wakala, ipo kwa fundi. Mtu hataki kujulikana anaenda mbio za watu elfu mbili kufanya nini?

---

Bi_Mwendokasi

Ngebe_Sina, ngoja nikupe ya kwetu halafu uniambie kama tunakuza.

Siku ya mbio simu nimeiacha kwenye gari, kama kila mtu. Saa mbili kasoro asubuhi mama yangu anapigiwa: "Wewe ni mama wa fulani? Binti yako ameanguka kilomita ya nane, tumemfikisha hospitali, anahitaji kipimo haraka, tuma laki moja na nusu kwenye namba hii." Jina langu lote wanalo. Mbio wanazijua. Wanajua mimi niko kilomita 21. Wanajua yeye ni mama, siyo dada wala shangazi. Anapiga simu yangu, haipokelewi. Wewe ungekuwa yeye usingetuma?

Ile meseji ya matapeli ya "ile hela tuma kwenye namba hii" sote tunaicheka kwa sababu inapigwa gizani. Hii haikupigwa gizani. Kuna mtu alikuwa na ile safu ya "mtu wa dharura" mbele yake na alijua saa ya kupiga.

Tuliripoti namba kwenda 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu. Hela ndiyo imekwenda.

---

Ngebe_Sina

Hapo pole sana dada. Hiyo sikuifikiria. Lakini bado nauliza: mkificha kila kitu, matokeo tutayaamini vipi? Mchezo bila majina ni uhuni mtupu.

---

Saa_ya_Chipu

Nafanya kazi ya kupima muda kwenye mbio, nijibu kwa upande wangu.

Kwanza mjue chipu iliyobandikwa nyuma ya namba yako ya kifuani haina jina lako. Ina namba tu. Ukikanyaga zulia pale mwanzo na mwisho, mashine inasoma namba na saa. Jina linaunganishwa kwenye kompyuta yangu, kutoka kwenye faili mlilonipa. Kwa hiyo mkinipa faili chafu, uchafu umeingia kwangu pia.

Ili nitoe matokeo halali nahitaji vitu vitano: namba, jina, jinsia, kundi la umri, na umbali. Basi. Sihitaji simu yako, sihitaji mtaa wako, damu yako ndiyo kabisa. Tarehe ya kuzaliwa wanaiomba ili kupata kundi la umri, lakini fomu inaweza kumwuliza mtu "siku ya mbio utakuwa na umri gani?" ikaishia hapo. Anayeshinda kundi la miaka 50 anakuja mezani na kitambulisho, tunakiangalia kwa macho, tunakirudisha. Waliobaki mia tisa hawana sababu ya kunipa tarehe zao.

Na kitu ambacho kamati nyingi hazikitambui: namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Nimeshaletewa faili ambalo "wamefuta tarehe za kuzaliwa kwa usalama", safu ya NIDA imekaa pembeni yake kamili. Nikawapigia, wakaniuliza kwani ina shida gani.

Kuhusu matokeo: ninachobandika hadharani ni nafasi, jina, jinsia, kundi, muda wa bunduki (tangu mbio zianze) na muda wa chipu (tangu ukanyage zulia la mwanzo). Mtu akiomba jina lisionekane, namwandika "Mkimbiaji 0412" na muda wake unabaki. Isipokuwa kama yuko kwenye zawadi. Ukitaka hela ya mshindi, jina lako litasomwa, hapo sina mjadala na mtu.

---

Kilomita_ya_37

Meza ya kuchukulia namba mmeisahau. Pale ndipo pabaya kuliko hilo faili la Excel.

Karatasi zimechapishwa, zimetandazwa mezani, foleni ndefu, kijana wa kujitolea amechoka, anakwambia "tafuta jina lako mwenyewe usaini". Unapekua ukurasa kwa ukurasa, unaona simu za watu wote wa herufi yako. Mimi ni wa M, na nyie mnajua M ilivyo nchi hii. Jamaa nyuma yangu alikuwa anapiga picha ukurasa mzima, anadai anamtafutia rafiki yake.

Halafu zikiisha kazi zinakwenda wapi zile karatasi? Nenda kwa muuza karanga.

---

Msukuma_Dripu

Naingia kwa upande wa afya. Niko kwenye timu za huduma ya kwanza za mbio, na naomba msitoke hapa mkafuta kila kitu, maana kuna vitu vinaokoa mtu.

Mkimbiaji ameanguka, joto limempanda, anaongea asichokijua. Mimi sina muda wa kufungua faili la mtu. Nafanya kitu kimoja: nageuza namba yake ya kifuani nasoma nyuma. Kama ameandika "kisukari, natumia insulini" au "mzio wa penisilini" na simu ya mke wake, tayari nina pa kuanzia. Kama hakuna kitu, nabahatisha. Kwa hiyo mahali sahihi pa taarifa ya afya ni nyuma ya namba yako mwenyewe, kwa kalamu isiyofutika, kwa mkono wako mwenyewe. Inakwenda na wewe, inarudi na wewe. Wapangaji kazi yenu ni kuchapa mistari pale nyuma na kugawa kalamu siku ya kuchukua namba. Wengi wanachapa tangazo la mdhamini pande zote mbili!

Kundi la damu ondoeni leo. Hakuna hospitali itakayokuongezea damu kwa sababu fomu ya mbio inasema wewe ni O. Watapima, kila mara. Ile safu inatupa hisia ya kujali tu.

Wenye hatari kubwa kweli (moyo, kifafa, mjamzito, aliyewahi kuzimia kwa joto) wapewe namba ya simu ya daktari wa mbio, waongee naye wao. Yeye ana daftari lake lenye watu wachache, namba za kifuani bila majina, na siku ya mbio anajua amwangalie nani. Kamati haihitaji kujua. MC hahitaji kujua. Mdhamini hahitaji kujua.

Na mkimbie bila kumeza diklofenaki (dawa ya maumivu) asubuhi, lakini huo uzi mwingine.

---

Mguu_Pande (mleta uzi)

Msukuma_Dripu umenifungua. Sisi nyuma ya namba tumechapa nembo ya maji miaka yote. Hilo linabadilika.

Swali kwa wanasheria: sheria inatuhusu kweli sisi wa klabu za mtaani, au ni ya mabenki na makampuni ya simu?

---

Kifungu_kwa_Kifungu

Inawahusu.

Tanzania Bara tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume yake, ile iliyozinduliwa na Rais Aprili 2024. Ukiamua taarifa gani zikusanywe na za nini, wewe ndiye mkusanyaji. Klabu yenu ndiyo mkusanyaji. Tovuti ya usajili mliyoikodi na bwana Saa_ya_Chipu ni wachakataji, wanafanya kwa niaba yenu. Likitokea la kutokea, "ni yule wa tovuti" haiwatoi.

Mbili ambazo waandaaji wa michezo huwa hawazijui. Afya ni taarifa nyeti kwa sheria ile, na taarifa nyeti inataka ridhaa ya maandishi ya mwenyewe, ambayo anaweza kuiondoa. Ridhaa aliyowapa ilikuwa ya daktari amsaidie. Haikuwa ya grupu. Ya pili: taarifa za watoto nazo zimewekwa humo humo kwenye nyeti. Kila mwenye mbio za watoto za kilomita 2 asome mara mbili hapo.

Adhabu ya kufichua isivyo halali, kwa mtu binafsi faini ni kuanzia laki moja hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote. Kampuni ni kuanzia milioni 1 hadi bilioni 5. Sisemi mtu wa grupu aende jela. Nasema msije mkasema hamkuambiwa.

Na hata kabla ya sheria hii, faragha ipo kwenye Katiba, ibara ya 16. Siyo kitu cha kuletwa na Wazungu kama nilivyoona mtu anaandika kwenye uzi mwingine.

---

Nakuru_Pace

Wakubwa, salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Kwetu sheria ni ya 2019 na ofisi ya Kamishna wa Data haichezi. Septemba 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kutumia picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Siku hizo hizo klabu moja ya starehe ikapigwa 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja aliyekuja kujivinjari bila kumwuliza. Sasa jiulize, wewe mwandaaji wa cross country ya mashule unapopakia picha mia tatu za watoto na majina ya shule zao kwenye Facebook, uko salama kuliko ile shule?

Huku mambo yalibadilika baada ya hapo. Sio kila mahali, lakini fomu nyingi sasa zina kisanduku cha picha peke yake. Ikivuja data una saa 72 kumjulisha Kamishna. Hiyo ndiyo inawaogopesha watu zaidi kuliko faini, kusimama na kusema "tumevujisha".

---

Lenzi_Pembeni

Mimi ni mpiga picha wa mbio na ndiyo naishi humo, kwa hiyo naomba kusikilizwa kidogo.

Picha ya mtu barabarani na namba kifuani akikimbia mbio za wazi sioni tatizo lake, na wakimbiaji wenyewe ndio wananisumbua "mkuu picha yangu iko wapi". Zamani tulizipanga kwa namba. Sasa kuna programu, mtu anapakia selfi, mashine inatafuta uso wake kwenye picha elfu nane na kumletea zake. Wateja wanaipenda mno. Ila kufanya hivyo mashine imepima uso wa kila mtu, hata wa mama anayeuza maji ukingoni ambaye hajajisajili popote. Hapo mimi mwenyewe nasita.

Ninachofanya sasa: utafutaji kwa namba ndiyo wa kawaida, na kwa uso sijawasha. Za watoto siziweki wazi kabisa, mzazi ananiletea namba ya mtoto namtumia yeye. Nauza zaidi ya zamani? Hapana, nauza pungufu. Ni hivyo tu.

---

Kocha_wa_Mchangani

Nyie wa mbio mna shida ndogo. Njooni kwenye soka la vijana.

Mashindano ya chini ya miaka 15 mtaani: kila kocha anaambiwa atume kwenye grupu la makocha nakala ya cheti cha kuzaliwa, picha ya pasipoti, jina la shule, jina la mzazi na simu yake. Kwa kila mtoto. Sababu ni moja, udanganyifu wa umri, na siyo sababu ya kubuni, vijeba tunavijua. Makocha pinzani wanataka kuona wenyewe. Kwa hiyo grupu lina makocha, wasaidizi, waamuzi, viongozi wa mtaa, na watu ambao hakuna anayekumbuka nani aliwaingiza. Vyeti vya watoto mia mbili vimo mle.

Kisha anajitokeza "wakala". Anampigia mzazi, anamjua mtoto kwa jina lote, anajua anacheza namba ngapi na anasoma wapi. "Nina majaribio nje ya nchi, mtoto wako amechaguliwa, tuma hela ya viza." Wazazi wanauza mbuzi. Nimekaa na mzazi wa namna hiyo, ameshika risiti za kutuma pesa, ananiuliza mimi huyo wakala alimpata wapi mwanawe. Alimpata kwetu.

Tulichobadilisha kwenye ligi yetu: siku moja kabla ya mashindano kunakuwa na kikao cha uhakiki. Kocha anakuja na vyeti halisi mkononi. Watu watatu waliochaguliwa na timu zote wanavisoma, wanasaini karatasi yenye jina na neno "amehakikiwa", kocha anaondoka na vyeti vyake. Cheti kikitiliwa shaka, uhakiki unafanyika RITA, wanaotoa vyeti vya kuzaliwa, kwenye grupu hakuna kesi. Hakuna nakala. Mwanzoni makocha walinung'unika kwamba tunaficha vijeba. Msimu uliofuata pingamizi zilipungua, maana mtu akishika cheti halisi karatasi yenyewe inaongea, tofauti na picha ya simu ambayo kijana wa stationari anaibadilisha kwa buku tano.

---

Ngebe_Sina

Kocha nimekuvulia kofia. Ila swali langu la matokeo halijajibiwa vya kutosha. Yule mama wa marathoni ya Boston mwaka 1980, Rosie Ruiz, aliyevishwa taji kisha likavuliwa baada ya siku nane, alikamatwa kwa sababu watu walimjua kwa jina na sura, na hakuna aliyemwona njiani. Mngemwandika "Mkimbiaji 0412" angelala na taji mpaka leo.

---

Saa_ya_Chipu

Alikuwa mshindi, mkuu. Nimesema mwenye zawadi hafichwi. Tena siku hizi anayemkamata mdanganyifu ni mazulia ya katikati ya njia kuliko macho ya watu. Ukikosa kusomwa kilomita ya 10 na ya 15 halafu ukatokea mwisho, nakuona mimi kabla ya jirani yako.

---

Kilomita_ya_37

Na hilo la kila mtu kuwa mpelelezi lina upande wake. Mwaka 2019 kwenye marathoni ya Los Angeles mzee wa miaka 70, daktari mstaafu, alimaliza kwa saa 2 na dakika 53, muda wa ajabu kwa umri wake. Watu wa mitandaoni wakachukua matokeo na picha, wakaanza kumchambua. Waandaaji nao wakafanya uchunguzi wao wakamfuta, kwamba alitoka nje ya njia. Yeye alikana mpaka mwisho. Siku chache baada ya kufutwa alikutwa amefariki, na uchunguzi ukasema alijiua.

Sisemi adanganyaye aachwe. Nasema yule hakuwa mchezaji wa kulipwa, alikuwa babu wa watu aliyekwenda kukimbia, na jina lake likasambaa mitandaoni.

---

Kifungu_kwa_Kifungu

Na hapo hata wapambanaji wa dawa za kusisimua misuli wameona tofauti. Kanuni ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, ya mwaka 2021 inasema anayekutwa na kosa hutangazwa hadharani, lakini kwa mtoto na kwa mchezaji wa kujifurahisha tu, kutangazwa siyo lazima tena. Wakiamua kutangaza iwe kwa kiasi kinacholingana na jambo lenyewe. Kama mtu aliyemeza dawa anapewa stara hiyo, aliyeandika ana pumu anastahili nini?

---

Bi_Mwendokasi

Naongeza la wanawake kwa kifupi maana mkizungumza matokeo mnafikiria zawadi tu.

Jina langu, klabu yangu na muda wangu viko wazi. Klabu inakimbia kila Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja alfajiri kutoka kituo kile kile, kila mtu wa mji anajua. Ukichanganya na programu ya kukimbilia ambayo mtu ameiacha wazi, ramani inaanzia mlangoni kwake. Januari 2018 iligundulika kwamba ramani ya dunia ya Strava, programu ya namna hiyo, inaonyesha mpaka njia za askari ndani ya kambi, kwa sababu tu walikimbia na saa mkononi. Kama kambi ya jeshi imeonekana, chumba changu cha kupanga Sinza kitashindwa?

Kuna mwenzetu alikuwa anasubiriwa na mtu asiyemjua, mara tatu, kona moja. Alijua jina lake na namba aliyokimbia nayo wiki iliyopita. Sasa hivi anaficha mita za mwanzo na mwisho kwenye programu, na anapojisajili anaomba jina moja tu lionekane. Waandaaji wengine wanakubali, wengine wanamwambia mfumo hauruhusu. Mfumo ni Excel.

---

Mbavu_Mbili

"Mfumo ni Excel" 😂😂 nimecheka kwa uchungu

---

Mwenye_Fulana_XL

Mbona hakuna aliyemgusa mdhamini? Tuambiane ukweli. Mdhamini anatoa milioni kadhaa na fulana, na sharti lake la kwanza ni "tutapata kanzidata ya washiriki?" Baada ya mbio zangu za mwisho nilipata meseji za mkopo, za bima na za kiwanja Kigamboni. Nilikimbia kilomita kumi, nikauzwa.

---

Mguu_Pande (mleta uzi)

Mwenye_Fulana_XL hapo umegusa mfupa. Ndiyo, kila mwaka tunaulizwa. Na mwenyekiti wetu huwa anasema tukikataa fulana hazipo.

Tumebishana kwenye kamati wiki hii kutokana na uzi huu na tulipofikia ni hapa: mdhamini anapewa meza yake uwanjani siku ya kuchukua namba na siku ya mbio. Anayetaka mkopo ataenda kuandikisha simu yake mwenyewe. Tutampa pia takwimu: wangapi, wanaume kwa wanawake, makundi ya umri. Majina na simu hapana.

Rasimu ya fomu yetu, naibandika mzipige mawe:

"Tunakuomba jina, jinsia, umri wako siku ya mbio, umbali, saizi ya fulana na namba ya simu. Simu ni ya kukutumia namba yako ya kifuani na taarifa za mabadiliko, hatutampa mtu mwingine. Matokeo yatabandikwa yakiwa na jina, jinsia, kundi la umri na muda. Ukitaka jina lako lisionekane weka alama hapa; haitawezekana kama umeshinda zawadi. Taarifa za afya na mtu wa dharura utaziandika mwenyewe nyuma ya namba yako. Kama una hali inayohitaji daktari aijue kabla, mpigie daktari wa mbio kwa namba hii. Namba za simu tutazifuta siku 30 baada ya mbio. Ukitaka kuona, kusahihisha au kufuta taarifa zako, mpigie katibu."

Mezani: hakuna orodha ya kupekua. Unakuja na meseji yenye namba yako, mtu wetu anatafuta, wewe unapokea bahasha.

---

Kifungu_kwa_Kifungu

Nzuri. Ongeza picha kwenye kisanduku chake peke yake, usikichanganye na kujisajili, na kisiwe kimeshawekwa alama. Kwa walio chini ya miaka 18 mzazi au mlezi ndiye anayejaza na kusaini. Na mkataba wa ukurasa mmoja na tovuti ya usajili: watafuta lini, na hawatumii kwa biashara yao.

---

Saa_ya_Chipu

Na mseme nani analo faili. Siyo kamati nzima. Watu wawili, lina neno la siri, na mimi natumiwa nakala yenye vile vitano tu. Ukinitumia lililojaa nitalirudisha.

---

Msukuma_Dripu

Kalamu isiyofutika mnunue nyingi. Zinaibiwa zote kabla ya saa sita.

---

Kocha_wa_Mchangani

Mkuu naichukua hii kwa bonanza letu la Desemba, nabadilisha daktari naweka mtu wa huduma ya kwanza.

---

Mguu_Pande (mleta uzi)

Chukua mkuu, badilisha unavyotaka. Yote mliyosema nimeyaweka, usajili unafunguliwa Jumatatu, na safu za NIDA, mtaa na kundi la damu hazimo. Faili la mwaka jana nimewaomba wanakamati walifute mbele yangu kwenye kikao, mmoja mmoja, na barua pepe pia. Wawili walikuwa nalo kwenye simu ambazo wameshawapa watoto wao.

Mdhamini amepiga leo asubuhi kuuliza orodha. Nimemwambia meza yake ni kushoto kwa lango, aje na viti vyake.